Mleta uzi, usipange matokeo kwa "umuhimu". Panga kwa tarehe

Simama hapo hapo, mkuu. Umesema unatengeneza apu ya Android ya kusomea barua pepe na milisho ya habari, kisanduku kimoja cha kutafutia, kila kitu kwenye orodha moja, na matokeo "yatapangwa kwa umuhimu kama Google". Kisha ukauliza rangi, aikoni, vichujio na mengine mengi. Hayo baadaye. Hiyo ya umuhimu ifute leo kabla hujalala.

Tarehe. Mpya juu. Basi.

Google unatafuta usichokijua. Kwenye barua pepe unatafuta kitu ulichokwisha kukiona kwa macho yako. Unakumbuka ilikuja baada ya Idi, na ilitoka kwa yule mama wa bima. Hiyo ni tarehe na mtumaji. Orodha ikiwa ya tarehe, ukiona "Machi" unajua ushuke au upande. Ikiwa ya umuhimu, huna budi kusoma mstari mmoja mmoja, na usipoiona hujui kama haipo au imejificha mstari wa 87.

Najua utatumia FTS5, sehemu ya kutafutia maneno ya hifadhidata ya SQLite, maana wote tunaanzia hapo, na utaandika ORDER BY rank (panga kwa alama) ukaona umemaliza. Rank hiyo ni bm25, kanuni ya kukadiria umuhimu kwa kuhesabu maneno. Inapandisha maandishi mafupi na maneno adimu. Sasa tafuta "ankara". Ya kwanza itakuja barua ya 2019 yenye maneno matatu, "Ankara nimeiona, asante", kwa sababu theluthi nzima ya barua ni neno lako. Ankara yenyewe ya mwezi huu, yenye neno hilo mara moja tu kisha aya nne za "barua hii ni siri, kama si yako ifute", iko chini huko. Na kwa kuwa umechanganya na habari, katikati zimejaa habari za serikali ya Uturuki, maana Ankara ndio mji mkuu wao, na mlisho wa mitindo unakuletea magauni ya vitambaa vya ankara. Mtu anataka kulipa maji, wewe unamshonea gauni. (Na alama za bm25 za FTS5 ni hasi, bora zaidi ndiyo ndogo zaidi. Ukiweka DESC (kubwa kwanza) unapata mbaya kwanza. Msiniulize nimejuaje.)

Kwa Kiswahili mambo ni mabaya zaidi. Kikata-maneno cha kawaida, kile kinachogawa maandishi yawe maneno ya kutafutwa, kinaona "nimelipa", "hajalipa" na "tutalipa" kama maneno matatu yasiyojuana. Kila moja linaonekana adimu, kwa hiyo bm25 inaliongezea uzito wa bure, na mtu akiandika "lipa" hapati hata moja, maana kutafuta kwa mwanzo wa neno hakusaidii lugha inayobandika mambo yake mbele. Dawa ni kikata-maneno cha trigram, yaani vipande vya herufi tatu-tatu, kipo tangu SQLite 3.34 ya 2020, kinatafuta herufi popote ndani ya neno. Usitegemee SQLite iliyokuja na simu, funga yako ndani ya apu. Herufi chini ya tatu hakijibu kitu, na faharasa inanenepa, kwa hiyo ingiza mtumaji, kichwa na maandishi bila yale yaliyonukuliwa.

Ila ukisharuhusu trigram, "lipa" italeta pia "alipata", "alipanda" na "walipambana". Angalia vizuri: a-LIPA-ta. Kwenye orodha ya tarehe takataka hizo unaziruka kwa jicho, maana unajua unaelekea wiki gani. Kwenye orodha ya umuhimu, "alipanda basi" anakaa juu ya risiti yako na hakuna wa kumshusha.

Na bado sijafika penye hasara kubwa. Simu huwa na barua za siku 30 hivi, za zamani ziko kwenye seva na zinachelewa sekunde kadhaa kuja. Ukipanga kwa tarehe, za simuni zinatokea papo hapo na za seva, kwa kuwa ni za zamani, zinaungwa chini. Hakuna kinachosogea. Ukipanga kwa umuhimu, kila fungu likifika orodha inajipanga upya huku kidole kiko njiani. Mtu analenga barua ya mwenye nyumba, anafungua tangazo la mikopo. Kama umeweka kufuta kwa kutelezesha mstari, hapo ndipo simu za wateja zinapoanza, na hapo hamna tena mzaha.

Kuna mshauri alikuja kwetu na slaidi 60 za "mtumiaji wa leo amezoea umuhimu", nasi tukapiga makofi na kumlipa. Namwombea jambo moja: atafute tiketi yake kaunta ya uwanja wa ndege, watu arobaini nyuma yake, kwenye orodha aliyoipanga yeye.

Na usinitajie Gmail. Walipoleta "muhimu zaidi" 2025 waliweka na kitufe cha kurudi "mpya zaidi". Tena wao wanajua barua gani unazifungua na nani unamwandikia kila siku. Wewe una bm25.

Tarehe ipi sasa? Hapa ndipo watu wanaanguka tena. Date, tarehe iliyo ndani ya barua yenyewe, inaandikwa na mtumaji, na taka za mwaka 2038 zitakaa juu milele. INTERNALDATE, yaani siku seva ilipoipokea barua, nayo ukihamisha barua kwa chombo kibovu, zote zinakuwa za siku ya kuhama. Tumia Date. Kama haipo, au imeizidi INTERNALDATE kwa zaidi ya siku moja, au inasema 1970 (sifuri ya saa ya kompyuta), chukua INTERNALDATE. Habari isiyo na pubDate (tarehe ya kuchapishwa) ipe saa uliyoipokea mara ya kwanza, na usiibadilishe hata mlisho ukiiandika upya, la sivyo habari ya juzi itakuwa inaibuka kila asubuhi.

Barua na Habari zitenganishe, vichupo viwili vyenye idadi: Barua 12, Habari 240. Barua za mazungumzo mamoja zikusanye kwa Message-ID (kitambulisho cha kila barua) na References (vitambulisho vya barua zilizotangulia), uonyeshe ile moja yenye neno pamoja na "+13", maana majibu 14 yanayonukuu sentensi ileile yatajaza skrini mbili. Kwenye mstari weka mtumaji, kichwa, kipande cha sentensi chenye neno, na tarehe YENYE MWAKA ikiwa si mwaka huu. "3 Juni" tupu haimsaidii mtu.

Uliuliza na rangi ya kuangazia neno, nadhani. Njano, herufi nyeusi. Kwenye hali ya giza kozesha herufi tu. Na kwenye "alipata" angazia hizo herufi nne peke yake, ili mtu aone kwa nini imekuja.