Fundi Anajibu: Quadro 4000 haijafa

SWALI: Jambo yaya. Ninachora ramani za nyumba hapa Kampemba, Lubumbashi. Nilinunua kompyuta ya HP Z420 ya mtumba iliyotoka Ulaya, yenye kadi ya grafiki Quadro 4000 ya NVIDIA. Niliweka Debian (mfumo wa Linux), nikajaribu dereva ya NVIDIA, yaani programu inayoendesha kadi, ikakataa. Skrini inawaka, lakini nikizungusha nyumba ndani ya programu ya kuchorea ya FreeCAD inakwamakwama na feni ya prosesa inanguruma. Muuzaji anasema kadi imekufa, ninunue mpya. Wengine wanasema NVIDIA ilishafungua kodi zake, yaani maandishi ya programu za dereva zake. Nishike lipi?

JIBU: Mdogo wangu, weka pesa yako mfukoni kwanza. Kilichonishtua katika barua yako ni hiyo feni. Kadi ikichora yenyewe, prosesa haina sababu ya kunguruma namna hiyo. Fungua terminali uandike glxinfo -B (kama haipo, weka paketi ya mesa-utils). Ukisoma llvmpipe, ujue prosesa ndiyo inayochora kila kitu, na kadi imekaa bure.

Nadhani ndicho utakachokuta. Dereva ya NVIDIA ikiwekwa huandika faili ndani ya /etc/modprobe.d ya kuzuia nouveau, dereva huria ambayo kiini cha Linux kinayo tangu 2010. Hata kama yenyewe imeshindwa, kizuizi kinaweza kubaki. Ondoa paketi zote za NVIDIA, futa faili hiyo, angalia kama mtu aliacha neno nomodeset, linalozuia dereva za grafiki, ndani ya GRUB (programu inayoanzisha mfumo) uliondoe, kisha endesha update-grub na update-initramfs -u, uwashe upya. Sasa glxinfo itataja NVC0, jina ambalo nouveau inaipa chipu ya kadi yako. Hapo kadi imerudi kazini.

Muuzaji amekosea: kadi haikufa, iliachwa. Quadro 4000 ni ya 2010, kizazi cha Fermi, na tawi la mwisho la dereva ya NVIDIA lililoihudumia, la 390, lilifungwa mwishoni mwa 2022. Kiini cha Linux kinaendelea kubadilika, na dereva ambayo kodi yake imefichwa haiwezi kurekebishwa na mtu mwingine. Linaniuma sana hili, maana mji wetu unaishi kwa mashine za mtumba. Kodi walizofungua Mei 2022 ni za kizazi cha Turing, cha 2018, na vilivyofuata. Yako haimo.

Ila nisikufiche kitu. Waandishi wa nouveau walilazimika kuichunguza kadi kutoka nje ili wajue inavyofanya kazi, na kwa Fermi hawakufika kwenye kupandisha kasi. Kadi inabaki kwenye mwendo mdogo inaouanza ikiwashwa. Ramani za kawaida utachora bila shida. Nyumba ya ghorofa yenye samani zote ndani itakuchosha.

Kama kazi yako ni hiyo ya pili, tafuta kwa wauza mtumba kadi ya FirePro W5000 ya AMD, kampuni nyingine ya kadi za grafiki, ya 2012. AMD ilianza kutoa nyaraka za chipu zake mwaka 2007, kwa hiyo madereva huria yake yaliandikwa na watu wanaojua kilichomo. Mpaka leo yanashughulikiwa: kuanzia Linux 6.19 kadi za kizazi hicho zimehamishiwa kwenye amdgpu, dereva ileile ya kadi mpya. Pia hula wati 75 tu kwa kazi nzito, na Quadro yako hufika 142. Umeme unavyokatika hapa, betri ya inveta itaiona tofauti hiyo.

Ukiipata, weka paketi ya firmware-amd-graphics (faili ambazo kadi za AMD huzihitaji ili zifanye kazi) kabla ya kubadilisha kadi, la sivyo utarudi kwenye llvmpipe. Na kagua matundu yake: ina DisplayPort mbili na DVI moja. Kama skrini yako ni ya VGA, mdai muuzaji adapta ya DVI hapo hapo dukani, muijaribu pamoja kabla hujalipa.