Kwa nini Snell alitolewa?

Mkuu, umeuliza kwa nini sisi mashabiki wa Tampa Bay Rays, timu ya besiboli ya Marekani, tunanuna kila tukimwona kocha anatoka kwenda kubadilisha mrushaji. Rudi Oktoba 2020, mechi ya 6 ya World Series, yaani fainali ya ligi, dhidi ya Dodgers. Tunaongoza 1-0. Mrushaji wetu Blake Snell keshatoa watu 9 kwa straiki tatu (mpigaji akishindwa mara tatu, anatoka), karusha mipira 73 tu, kapigwa safi mara 2. Ile ya pili, awamu ya 6, kocha wetu Kevin Cash huyoo, anakwenda kumpokonya mpira! Eti wapigaji wakikutana na mrushaji mara ya tatu wanakuwa wamemzoea. Hesabu hiyo ina mantiki, sikatai. Lakini wapigaji wa Dodgers waliokuwa wanafuata, Betts, Seager na Turner, walishakutana naye mara 6 kwa jumla, na zote 6 wakala straiki tatu! Sasa hapo nani kamzoea nani? Akaletwa mrushaji mwingine, Nick Anderson, ambaye siku hizo kila akiingia anaruhusu pointi. Betts akampiga, kisha mpira mmoja ukamponyoka mdakaji, ngoma 1-1, punde 2-1. Tukalala 3-1.

Snell mwenyewe alitoka amefura. Mimi nilizima TV.