Dhahabu Iliyokishinda Kinu cha Almasi

SWALI: Mimi ni sonara hapa Mwanza. Nimesikia kwamba dhahabu ikichanganywa na titani hutoa metali ngumu kuliko chuma cha pua, ilhali dhahabu ninayoijua mimi huikunja kwa koleo bila shida. Je, ni kweli, na ninaweza kuitengenezea pete?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ni kweli, ndugu sonara, ila neno "kuchanganywa" linapotosha kidogo. Katika aloi ya kawaida, kama dhahabu na shaba unazoyeyusha karakanani, atomu hukaa popote zinapopata nafasi. Katika kampaundi ya metali kwa metali kila atomu ina mahali pake, kama miyaa katika mkeka wenye nakshi. Hii unayoiulizia ni Ti3Au, yaani atomu tatu za titani kwa moja ya dhahabu.

Sifa zake zilitangazwa mwaka 2016 na kundi la Emilia Morosan wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, ambalo awali lilikuwa likichunguza usumaku wa kampaundi za titani na dhahabu. Walipotaka kukisaga kipande chake kiwe unga ili wakipime kwa eksirei, hata kinu kilichopakwa almasi hakikufua dafu. Ugumu wake ni takriban 800 kwa kipimo cha Vickers, karibu mara nne ya titani tupu, kwa sababu atomu zake zimekaribiana mno na elektroni zinazoziunganisha ni nyingi. Lakini ugumu huo ni wa umbo la beta tu, yaani mpangilio mmojawapo wa atomu zake, linalotokea kwenye joto kali. Umbo la alfa, lenye uwiano uleule, halizidi sana titani ya kawaida.

Matumizi yanayotarajiwa ni viungo bandia vya nyonga na goti, na meno. Titani hukubaliwa na mwili lakini huchakaa inaposuguana; Ti3Au hukubaliwa pia, na msuguano wake ni mdogo. Kwa kuwa hushika vizuri kwenye seramiki, inaweza kupakwa juu tu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia yenye busara, maana dhahabu ni kama asilimia 58 ya uzito wake, karibu sawa na karati 14.

Kuhusu pete, sikushauri. Titani huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,668 za Selsiasi, na ikiwa moto hudaka oksijeni na nitrojeni ya hewani, hivyo huyeyushwa ndani ya chumba cha gesi ya agoni au kisicho na hewa. Na hata ukiipata pete hiyo, mteja akinenepa kidole hutaweza kuipanua kwa nyundo.