Alipata nini Emma Byrne? Barua kwa mwanangu golikipa

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti umefika, na pole na hicho kidole. Kifunge pamoja na cha jirani yake, usikivute. Sisi hatujambo, baba yako anagombana na pampu ya maji kama kawaida.

Umesema wachezaji wenzako wamekuchagua uwapelekee viongozi malalamiko ya posho na nauli, kwa kuwa wewe ndiye nahodha. Halafu mmoja wao akakurushia habari za Emma Byrne, kipa wa Ayalandi, aliyesimama mwaka 2017 akasema hadharani jinsi timu yao ya taifa ya wanawake ilivyokuwa ikitendewa. Nawe ukaniuliza: "Mama, sawa, alisema. Lakini yeye mwenyewe alipata nini? Kombe la Dunia lenyewe hakucheza."

Miaka yangu ya uwakilishi wa wafanyakazi kiwandani nimelisikia sana swali hilo. Haliulizwi mkutanini. Linaulizwa pembeni, na mtu anayelipa kodi ya nyumba. Kwa hiyo sitakujibu kwa maneno ya jukwaani. Kwa mfuko wake mwenyewe alipata kidogo sana.

Huyu mama katoka Leixlip, mji mdogo wa Kildare, magharibi ya Dublin. Alianza kuidakia timu ya taifa mwaka 1996, akaenda Denmaki kuchezea Fortuna Hjørring, na mwaka 2000 akatua Arsenal, akakaa miaka kumi na sita. Mataji ya ligi 11, Kombe la FA mara 10. Baba yako anayejiita Arsenal damu hajui hata moja kati ya hayo, muulize uone atakavyobadilisha mazungumzo. Msimu wa 2006/07 walishinda mechi zote 22 za ligi, wakabeba na makombe ya ndani, kisha wakakutana na Umeå ya Uswidi kwenye fainali ya Ulaya. Umeå walikuwa na Marta, yule mshambuliaji Mbrazili. Kule Uswidi Arsenal walipata bao moja mwishoni kabisa, mfungaji Alex Scott. Marudiano yakaisha 0-0, na wewe golikipa huhitaji kuambiwa sifuri kama ile, mbele ya Marta, inatoka kwa nani. Ilikuwa mara ya kwanza timu ya Uingereza kuchukua kombe hilo la wanawake. Na huyo Alex Scott aliwahi kufanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha klabu hiyohiyo, akifua jezi za wanaume. Nakutajia hilo ujue hali ilivyokuwa hata kwenye timu iliyokuwa ikishinda kila kitu.

Timu ya taifa ndiyo ilikuwa mzigo. Ayalandi hawakuwahi kufuzu mashindano yoyote makubwa wakati wake. Karibu zaidi walifika mwaka 2008, mchujo wa mwisho wa kwenda Euro, wakafungwa na Aislandi 3-0 mjini Reykjavik kwenye uwanja ulioganda kwa barafu.

Sasa mchukue mtu huyo, umri miaka 37, ameichezea nchi yake mechi zaidi ya 120. Yuko uwanja wa ndege, anaingia chooni na begi lake kubadilisha nguo, kwa sababu traksuti ya taifa si yake. Inatumiwa pia na timu nyingine, zikiwamo za vijana, lazima irudishwe. Umewahi kubadilisha nguo kwenye choo cha uwanja wa ndege? Mlango unagonga begi, unasimama kwa mguu mmoja ili soksi isiguse sakafu, suruali unaishika kwa meno, na nje kuna mtu anagonga. Nahodha wa taifa huyo.

Tarehe 4 Aprili 2017 akaketi mbele ya waandishi wa habari Liberty Hall, lile jengo refu la chama cha wafanyakazi cha SIPTU kando ya mto Liffey. Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, kwa sababu watu wanakumbuka choo na kusahau kazi. Hakwenda peke yake: wenzake zaidi ya kumi walikuwa wamekaa naye mstari mmoja, baadhi yao wangali na umri wa kupoteza kila kitu. Chama cha wachezaji kilikuwa pale na mwanasheria wake. Shirikisho la soka lilikuwa likitaka kuzungumza nao kwa njia nyingine, si kupitia chama. Wao wakashikilia chama. Na madai yao hayakuwa kelele za "tunadharauliwa". Walidai posho ya mechi, fidia kwa wanaokatwa mshahara kazini wanapoitwa kambini, ada ya gym, intaneti hotelini, na traksuti. Vitu vya kuhesabika, ambavyo kiongozi akikataa inabidi aseme kwa sauti kwamba anakataa kununua traksuti.

Walichagua na siku. Mechi ya kirafiki na Slovakia ilikuwa tarehe 10 Aprili pale Tallaght, nao wakaweka wazi kwamba huenda wasicheze. Kabla wiki haijaisha makubaliano yakapatikana, mechi ikachezwa. Mimi nimeshuhudia migomo iliyopangwa miezi mitatu ikafa kwa sababu ilitangazwa mwezi usio na mzigo wa kusafirisha. Wale mabinti walijua meli inang'oa nanga lini.

Mwaka huohuo Byrne akastaafu timu ya taifa, mechi 134, rekodi ya wanawake wa nchi hiyo wakati ule. Basi. Unahodha ukaenda kwa Katie McCabe wa Arsenal, umri miaka 21. Agosti 2021 shirikisho likatangaza malipo sawa kwa timu ya wanawake na ya wanaume, na wanaume, chini ya nahodha Séamus Coleman, wakakubali posho zao zipunguzwe ili jambo hilo liwezekane. Hapo mimi nilisimama. Katika maisha yangu ya chama sijaona idara iliyokubali kupunguziwa ili idara nyingine ifikie.

Oktoba 2022 wanawake wakaifunga Uskoti 1-0 mjini Glasgow, bao la Amber Barrett, wakafuzu Kombe la Dunia mara yao ya kwanza. Mechi ya ufunguzi wao, Sydney 2023, watazamaji 75,784, wakapoteza kwa penalti moja ya Australia. Dhidi ya Kanada, McCabe akafunga kona moja kwa moja, dakika ya nne tu, ingawa walipoteza 2-1. Dhidi ya Nigeria, suluhu bila bao. Pointi moja, wakarudi nyumbani. Byrne hakuwa golini hata dakika moja.

Kwa hiyo ukiniuliza alipata nini, nakwambia hivyo: makubaliano aliyoyatumia miezi michache. Ukitaka kufanya hivi ili upate wewe, usifanye, na wala sitakuona mwoga. Una miaka 26, una namba yako golini, na ligi ya mkoa haina chama cha wachezaji wala Liberty Hall. Mimi kama mama ningependa ukae. Mimi kama katibu wa tawi nakuona tayari umeshaamua, maana mtu ambaye hajaamua haulizi faida.

Ukienda, basi nenda na karatasi. Nauli ya kila mchezaji kutoka kwake hadi mazoezini, kwa siku, iandikwe. Posho iliyoahidiwa na iliyolipwa, mechi kwa mechi. Sahihi za wote, na za kwanza ziwe za wale wenye mechi nyingi, si za watoto wapya. Msikae na kiongozi mmoja mmoja ofisini kwake, hata akiwaita kwa soda. Na mtazame ratiba: ni mechi gani ambayo mfadhili amealika wageni?

Nitumie rasimu kabla hamjaipeleka. Usiipambe, nitaipunguza tu.

Mama yako