Panki na metali pamoja, hii ni siasa au fujo?

SWALI: Asalaam aleikum kaka mhariri, rafiki kanirushia albamu ya 2004 ya Jello Biafra na Melvins, jamaa anapiga makelele tu, hivi kuna maana humo? Msomaji, Wete

JIBU: Waalaikum salaam ndugu yangu. Maana imo tele, Biafra ndo yule muimbaji wa Dead Kennedys, bendi ya panki (roki ya kasi, ya kiuasi), aliyegombea umeya wa San Francisco 1979, na Melvins, bendi nyingine, wanamtilia gitaa zito la metali, yaani roki nzito, mpaka kifua kinatetemeka, afu sauti yake nyembamba inapita juu ikiwakejeli wakubwa wa Marekani enzi za Bush, hata matajiri na magari yao makubwa hawakusalimika. Mi naipenda mno. Mbona Siti binti Saad, alorekodi Bombay 1928, naye aliimba dhulma za mahakamani? We fuata maneno kwanza.