Binti yangu anaingia gredi ya 7: aanze Kihispania au aendelee na klarineti?

Swali

Mwalimu, habari za kazi. Sisi ni Wakongo, tunakaa Kent, jimbo la Washington, huu ni mwaka wa nne. Binti yangu anamaliza gredi ya 6. Juzi kaleta fomu ya kuchagua masomo ya mwaka ujao. Masomo ya hiari ni mawili, lakini nafasi moja kaunsela (mshauri wa masomo wa shule) ameshaijaza darasa la Kiingereza la watoto wageni, kwa hiyo imebaki moja. Mtoto anataka kuendelea na klarineti kwenye bendi ya shule, alianza mwaka huu. Mimi naona muziki ni mchezo tu. Watu wa kanisani wananiambia asipoanza Kihispania sasa, chuo kikuu atakisikia kwa jirani. Baba yake naye anataka Kifaransa kwa sababu yeye alisomea Bukavu, kwetu Kongo, ambako shule ni za Kifaransa. Nyumbani tunaongea Kiswahili. Nimchagulie nini? Fomu inatakiwa Ijumaa.

Jibu

Mama, asante kwa kuuliza kabla fomu haijarudi. Kama nafasi ni moja kweli, mwache aendelee na klarineti. Najua si jibu ulilolitarajia, na sikwambii hivyo kwa sababu lugha haina maana. Mimi mwenyewe lugha ndizo zilizonipa kazi hii ya ukaunsela. Nakwambia hivyo kwa sababu lugha ataikuta tena mbele, na bendi pengine hataikuta.

Tuanze na hiyo hofu ya kuchelewa. Vyuo vikuu vya serikali hapa Washington vinamtaka mwombaji awe na krediti 2 za lugha isiyo Kiingereza, yaani kama miaka miwili ya haiskuli katika lugha ileile moja. University of California inadai miaka 2 na inapendekeza 3. Vyuo vyenye ushindani mkali hupenda kuona 3 au 4. Haiskuli inaanza gredi ya 9 na kwisha ya 12. Mtoto akianza Kihispania gredi ya 9 bila kuruka mwaka, anamaliza na miaka minne kamili. Hajachelewa popote.

Sasa angalia hicho Kihispania cha shule ya kati chenyewe, yaani cha kabla ya haiskuli, maana jina moja linabeba vitu vitatu tofauti. Shule nyingine wana darasa la kuonja: wiki chache Kihispania, wiki chache sanaa, wiki chache kompyuta, watoto wanazunguka. Wanaimba rangi na siku za wiki, na krediti hawapati. Nyingine wanachukua somo la mwaka mmoja wa haiskuli wanaligawa vipande viwili, nusu gredi ya 7 na nusu gredi ya 8. Nyingine wanafundisha somo zima la haiskuli ndani ya gredi ya 8. Wazazi wengi wanadhani miaka miwili ya shule ya kati inaokoa miaka miwili ya haiskuli. Kwenye ule mpango wa vipande viwili, inaokoa mmoja. Kwa hiyo kabla hujatia alama kwenye fomu, muulize kaunsela: hili ni somo la namna gani kati ya hayo matatu, na haiskuli atakayokwenda inaliendeleza?

Na uliza jambo jingine ambalo shule husahau kulisema. Somo la kiwango cha haiskuli likisomwa shule ya kati, alama yake inaweza kuingia kwenye rekodi ya haiskuli ambayo vyuo vitaisoma. Alama ya C, yaani ya wastani, ya mtoto wa miaka 13 inaweza kumfuata hadi ana miaka 17. Nimeshuhudia familia zikihangaika na alama moja ya namna hiyo, na hakuna aliyekuwa amewaambia.

Kuhusu umri. Watu husema ubongo wa mtoto hufunga mlango wa lugha akifika miaka 12. Mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha utafiti wao juu ya watu wenye lugha ya Kiingereza waliohamia Uholanzi na wakajifunza Kiholanzi. Katika miezi ya mwanzo, waliokwenda mbio zaidi walikuwa wa miaka 12 hadi 15 na watu wazima. Watoto wadogo ndio waliokuwa nyuma. Mtoto mdogo ana faida yake akizungukwa na lugha kutwa nzima, hasa kwenye matamshi, lakini darasa la dakika 50 si kuzungukwa na lugha. Piga hesabu: dakika 50 kwa siku 180 za shule ni saa 150. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, inayofundisha wanadiplomasia wake, inaweka kama saa 600 hadi 750 za darasani ili mtu mzima akimudu Kihispania kazini. Mwaka mmoja wa mapema si mwaka wa kuuza klarineti.

Bendi ina utaratibu mwingine. Wanaoanza wanaanzishwa pamoja, gredi ya 5 au ya 6, na mwalimu anawafundisha kushika ala, kuweka mdomo, kusoma noti. Gredi ya 7 wanaendelea kutoka walipoishia. Aliyeacha mwaka mzima akirudi anakuta wenzake wanapiga vipande ambavyo yeye havisomi, na wengi hawarudi. Haiskuli bendi inahesabika kwenye krediti za sanaa, ambazo jimbo letu linazidai ili mtu ahitimu. Na kwa mtoto aliyekuja hapa akiwa hajui neno, bendi ndicho chumba ambamo mtoto aliye na mwaka wa nne nchini na mtoto aliyezaliwa hapa wanasoma karatasi moja na kukosea mahali pamoja. Mama, huo si mchezo. Nawaona kila asubuhi wanavyoingia shule wamebeba masanduku yao, wanaitana kwa majina.

Sasa nafasi ya pili, iliyochukuliwa na darasa la Kiingereza. Hapa ndipo ningetumia nguvu zangu kama ningekuwa wewe. Kila mwaka, majira ya baridi kuelekea mwezi wa 3, watoto walio kwenye mpango wa Kiingereza hufanya mtihani uitwao WIDA ACCESS: kusikiliza, kusoma, kuongea na kuandika. Akifikisha alama ya jimbo, anatoka kwenye mpango. Tatizo ni kalenda. Fomu za masomo hujazwa kabla majibu ya mtihani hayajarudi, kwa hiyo kaunsela anamwekea mtoto darasa hilo kwa kubahatisha kutokana na mwaka uliopita. Majibu yakija na mtoto amevuka, nafasi iko wazi, lakini asipokuwepo wa kuuliza inaweza kujazwa chochote kilichobaki. Kama hajavuka, usiombe aondolewe ili apate Kihispania. Kiingereza cha kusomea sayansi na historia anakihitaji kuliko lugha ya tatu. Unaweza tu kuuliza kama msaada huo unaweza kutolewa ndani ya darasa la kawaida, mwalimu wa Kiingereza akiingia humo. Shule nyingine hufanya hivyo.

Nije kwenye sentensi uliyoiandika kwa haraka: nyumbani mnaongea Kiswahili. Umeiweka kama taarifa ya kawaida, na mimi naona ndiyo mali kubwa kuliko zote kwenye barua yako. Washington ina utaratibu wa kumpa mwanafunzi krediti za lugha kwa ujuzi alio nao, hata kama hakukaa darasani siku moja. Anafanya mtihani wa lugha ya kwao, na kulingana na kiwango chake anaweza kupata hadi krediti 4 za haiskuli. Kiswahili kina mtihani wake, STAMP wa kampuni ya Avant. Wilaya yenu ya shule ndiyo inayopanga siku, muulize kaunsela. Kuna pia Muhuri wa Lugha Mbili, ulioanzia California mwaka 2011 na kupitishwa hapa Washington mwaka 2014, anaoupata mhitimu aliyethibitisha lugha ya pili. Binti yako anaweza kuingia gredi ya 9 sharti la lugha la chuo likiwa limeshatimia kwa Kiswahili, na Kihispania akakisoma kwa kupenda.

Ila kuna kazi. Mtihani unapima pia kusoma na kuandika, na hapo ndipo watoto wetu wanapoanguka. Mwaka jana nilikaa na mvulana ofisini, anaongea Kiswahili kama maji, ananisimulia mechi dakika kumi bila neno la Kiingereza. Nikampa kalamu. Akaandika: «ni na penda ku cheza mu pira». Alikuwa na Kiswahili mdomoni maisha yake yote na hakuwahi kukiona kwenye karatasi. Tulichofanya ni kidogo: dakika 15 kila jioni, anasoma kwa sauti, mama yake anasikiliza huku anapika. Biblia ya Kiswahili, habari za BBC Swahili kwenye simu, ujumbe wa shangazi. Baadaye anaandika mistari mitano ya siku yake. Baada ya miezi michache maneno yalikuwa yameshikana. Na usimkataze Kiswahili cha Bukavu, wala usimwambie ni kibovu. Mwonyeshe tu kwamba kwenye maandishi atakutana na «ninakwenda» pale alipozoea «niko naenda».

Kihispania au Kifaransa? Akifika hapo, kwanza aangalie haiskuli yake inafundisha lipi hadi mwaka wa nne wa somo, kwa sababu mwaka mmoja huku na mmoja kule haujumlishwi. Kifaransa kina baba wa kumsikiliza kila usiku, na hakuna mwalimu anayeweza kushindana na hilo. Kihispania kina majirani, duka la kona na marafiki wa shule. Kwa Mswahili kina wepesi wake pia. Irabu ni zilezile tano, a e i o u, zinasomwa zinavyoandikwa. Mtoto anayesema «kiti kizuri» na «mti mzuri» hashangai akiambiwa «libro bonito» (kitabu kizuri) lakini «casa bonita» (nyumba nzuri); kukubaliana kwa maneno amekunywa na maziwa. Hata meza anaikuta mezani: Waspania wanaiita «mesa», nasi tuliipata kwa Wareno. Ningemwachia mwenyewe achague, baba akipenda aanze naye Kifaransa cha jioni tangu leo.

Kitu kimoja cha gredi ya 7 kinachofunga milango kweli ni hesabu. Uliza yuko njia ipi. Anayesoma Aljebra 1 gredi ya 8 anaweza kufika kalkulasi gredi ya 12 bila kubanana.

Kwa Ijumaa, andika hivi kwenye fomu: chaguo la kwanza bendi, chaguo la pili Kihispania endapo nafasi ya Kiingereza itafunguka, na kiwe somo lenye krediti, si la kuonja. Chini yake andika kwamba unaomba kikao na kaunsela majibu ya WIDA yakitoka, kukiwa na mkalimani wa Kiswahili. Mkalimani ni haki yako chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, shule ndiyo inayolipa, na binti yako hatakiwi kufanya kazi hiyo. Wakikwambia «mtoto si anajua Kiingereza?», jibu kwamba mtoto ndiye anayezungumziwa. Kisha utaje pale pale mtihani wa Kiswahili, uulize siku yake, na uiandike kwenye kalenda ya ukutani.