Kabla hujamnunulia mwanao raketi ya laki tano

Kila korosho zikianza kulipwa, mimi hupata wageni. Msimu uliopita alikuja mama mmoja kutoka Tandahimba, kamshika mkono mwanawe wa miaka kumi na miwili. Salamu hazijakwisha ananiambia, "Mwalimu, huyu anataka kuwa Nadal, yule bingwa wa tenisi. Nimemtengea laki tano ya raketi." Nikamjibu, "Mama, karibu kwanza kivulini. Hiyo laki tano iache hapohapo ilipofungwa."

Nilimweleza haya ninayoyaandika hapa.

Tenisi nimeijulia Shangani ya Mtwara nikiokota mipira, kwenye uwanja wa saruji uliopasuka katikati. Kwenye saruji mpira huja kasi na huja chini, mwenye mkono mzito anashinda, na mkono ninao. Nikajiona nimefika. Mwaka 2001 wajomba wakanichangia nauli nikashindane Nairobi. Daraja la Mkapa lilikuwa bado, lilifunguliwa 2003, kwa hiyo Rufiji tulivuka kwa kivuko, na Mtwara hadi Dar peke yake ilinila siku mbili. Nafika, nakuta uwanja ni wa udongo mwekundu. Sikuwahi kuukanyaga maishani.

Nilifungwa 6-1, 6-2. Mipira niliyozoea kuimaliza kwa pigo moja, ikigusa udongo inapunguza mwendo na kuruka mpaka begani, mwenzangu anaifikia kama anatembea. Mimi nikikimbilia wa pembeni, napiga kwanza, halafu ndiyo nateleza, na kuteleza kwenyewe kunanitoa nje ya uwanja wakati yeye ameshaupeleka mpira upande wa pili.

Seti ya pili mpira wake mmoja ulitua nje. Nina hakika mpaka leo, upana wa vidole viwili. Kwenye udongo mpira huacha alama, mwamuzi hushuka kitini akaja kuitazama. Mimi kwa hasira nikaipangusa kwa kiatu. Sasa, ukiifuta alama wewe mwenyewe, umekubali kwamba mpira ulikuwa ndani. Pointi ikaenda kwake, nikabaki nabishana na vumbi.

Ndiyo maana kwangu mtoto anafundishwa kuteleza kabla ya kupiga sevu, lile pigo la kuanzisha pointi. Kuteleza kunaanza kabla ya pigo: goti limekunjwa, mwili uko chini, mguu wa mbele unaufuata mpira, na unapopiga mwendo unakuwa umekwisha, uko tayari kurudi katikati. Watoto wa Mikindani waliokua wakichezea mchangani maji yakipwa huzoea kuteleza ndani ya wiki mbili. Wa mjini wanachelewa, miguu yao inaogopa.

Uwanja wetu ni wa udongo wa kichuguu, uleule wa kukandikia nyumba. Tuliuponda, tukauchekecha, tukaumwaga juu ya kokoto na kuushindilia. Watu walicheka sana. Lakini Rod Laver wa Australia, aliyetwaa mataji yote manne makubwa ndani ya mwaka mmoja, tena mara mbili, 1962 na 1969, alijifunzia nyumbani kwao Queensland kwenye uwanja wa kichuguu. Hata ule wekundu wa Roland Garros, viwanja vya mashindano makubwa kule Paris, ni tabaka jembamba la matofali yaliyosagwa, halifiki hata unene wa kidole. Wao wakimaliza kucheza huburuta wavu kusawazisha vumbi. Sisi tunaburuta kipande cha nyavu chakavu tulichopewa na wavuvi, na kazi inafanyika.

Sasa pesa. Hapa nilimsogeza mama pembeni, mtoto asisikie.

Anayeanza kucheza kwa kulipwa huanzia mashindano madogo ya kimataifa ambayo fungu lote la zawadi ni dola 15,000, na waliokuja kuligawana ni wengi. Ukitolewa raundi ya kwanza hupati hata dola 200, na hapo ndege, kitanda na wali ni juu yako. Udongo nao una gharama zake: mechi ni ndefu, chembe zinakula nyuzi za raketi, soli zinakwisha upesi. Vijana niliowaona wakiacha, wengi waliachishwa na nauli, mpira walikuwa wanaujua. Nadal ana mataji 14 ya Paris, kashinda mechi 112 pale na kufungwa 4 tu, na watu husimulia mkono wake wa kushoto. Mimi huwa naangalia kwamba kocha wake tangu utotoni alikuwa Toni, ami yake. Kocha wa ndani ya ukoo, hebu piga hesabu.

Sisi tumtazame Angella Okutoyi wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake. Mwaka 2022 alitwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana kwa wawili wawili, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, akawa anasoma na huku anacheza. Vyuo vya kule hutoa nafasi za masomo kwa wachezaji, na njia hiyo inafunguliwa na vitabu pamoja na raketi. Mtoto anayefeli Kiingereza kidato cha pili ameshaifunga, hata akipiga sevu ya namna gani.

Laki tano ile ikagawanyika: raketi ya mtumba, kamba ya kuruka, na viatu vyenye soli ya mistari kama mifupa ya samaki, maana soli laini kwenye udongo ni kuvunjika nyonga. Iliyobaki ikaenda tuisheni. Mtoto alinuna wiki nzima kwa sababu raketi haikuwa mpya.

Tunaanza saa kumi alasiri. Ukija saa tisa utatukuta tunamwagilia, udongo mkavu ni vumbi tupu. Ndoo zipo.